Kurudi kwenye triatloni baada ya jeraha la muda mrefu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Tangu nianze tena kuonekana ufukweni Raskazone alfajiri, watu hunisimamisha. Wengine nawajua, wengine ndio kwanza wanauona mchezo huu, na wengine wamekaa nje muda mrefu kama nilivyokaa mimi. Kano ya kisigino cha kulia iliniweka nje miezi 16, na 6 kati ya hiyo ilitokana na kurudi kwangu mapema. Mimi si daktari. Ni mfanya mazoezi niliyekaa sana kwenye mabenchi ya wataalamu wa fiziotherapia, nikawa naandika kila nilichoambiwa, kisha mguu wangu ukanionyesha kipi ni kipi. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki.

Triatloni ni nini hasa?

Ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo huo, siku moja, saa ikiwa haisimami hata unapobadilisha viatu. Mbio fupi ni mita 750 majini, kilometa 20 za baiskeli na 5 za miguu. Ya Olimpiki ni mita 1,500, kilometa 40 na 10, na iliingia kwenye Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney. Nusu ya ile ndefu ni kilometa 1.9, 90 na 21.1. Ndefu yenyewe ni 3.8, 180 na 42.2.

Nimeshapona na daktari kasema niendelee na mazoezi. Kwa nini unaniambia niende polepole?

Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma hili.

Kupona na kuwa tayari kushindana ni vitu viwili. Mtu akikaa bila mazoezi, cha kwanza kupotea ni pumzi: ndani ya wiki mbili au tatu maji ya damu yanapungua na moyo unasukuma kidogo kwa kila pigo. Lakini hicho hicho kilichotangulia kuondoka ndicho kinachotangulia kurudi. Ukiogelea na kuendesha baiskeli wiki sita tu, utapanda ngazi bila kuhema. Misuli nayo hufuata si muda mrefu, maana ilishawahi kuzoea.

Kano haiko hivyo. Damu inayoifikia ni chache kuliko ile ya msuli, kwa hiyo hujijenga kwa miezi. Mfupa nao hujibomoa na kujijenga upya kidogo kidogo, na duru moja huchukua miezi mitatu, minne au zaidi. Ukiwa kwenye wiki ya sita, ya saba au ya nane, ndani ya mwili wako kuna watu wawili: mapafu yanayosema twende, na kisigino ambacho hakijafika hata nusu ya njia. Na kisigino hakipigi kelele siku hiyo. Kinasubiri kesho yake.

Mimi ilinikuta Jumapili moja ya Septemba. Hewa ilikuwa ya baridi kidogo, barabara tupu, miguu myepesi. Nilikuwa nimepanga kilometa 4. Nilipofika nilipotakiwa kugeuza nikajisikia kama sijawahi kuumia maishani, nikaendelea mpaka 9. Sikusikia maumivu hata kidogo. Jumatatu asubuhi nilishuka kitandani nikashika ukuta. Nilikaa miezi sita mingine.

Kwa hiyo siku utakayojisikia mzima kuliko zote, fanya kile kile ulichoandika kwenye daftari, usiongeze hata mita 100. Majibu mengine yote hapa chini yanatokana na hili.

Nani aniruhusu kuanza kukimbia?

Kwanza mtu aliyesomea. Hapa mjini anza na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Jambo likizidi, kuna Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, na hospitali ya KCMC Moshi. Kama uliumia mfupa kwa kukimbia sana, yaani mpasuko mdogo wa muundi au wa mguu, elewa kwamba picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haionyeshi kitu wiki za mwanzo. Picha kuwa safi si ruhusa ikiwa ukibonyeza sehemu ile ile kwa kidole bado unaruka.

Baada ya ruhusa ya hospitali, mguu wenyewe nao utoe ruhusa. Mimi niliwekewa masharti matatu. La kwanza, nitembee kwa haraka dakika 45, mara tatu ndani ya wiki, na asubuhi zote tatu zinazofuata zisiwe na maumivu. La pili, nisimame kwa mguu ulioumia peke yake na kuinua kisigino mara 25 mpaka juu kabisa, bila kuyumba. La tatu, niruke kwa mguu huo mmoja mara kadhaa na nitue bila kuogopa. Hilo la tatu lilinichukua wiki tano baada ya yale mawili kukamilika. Sikupenda, lakini nilisubiri.

Maumivu kiasi gani ni ya kawaida?

Pima kutoka 0 mpaka 10, ambapo 0 hakuna kitu na 10 huwezi kusimama. Kwa kano, kufika 2 au 3 wakati wa mazoezi kunavumilika, mradi asubuhi ya pili iwe kama asubuhi ya kwanza. Ikiwa hatua zako za kwanza kutoka kitandani ni ngumu kuliko jana, ulizidisha jana, hata kama jana ulijisikia vizuri. Punguza, usiache kabisa, maana kano isiyobebeshwa kitu nayo hudhoofika.

Kwa mfupa hakuna 2 wala 3. Mfupa ukiuma pale ulipopasukia, simama hapo hapo ulipo. Panda bajaji urudi nyumbani.

Kati ya michezo mitatu, upi utangulie?

Kwa walioumia chini ya kiuno, maji kwanza, baiskeli ya pili, miguu mwisho. Dada mmoja aliyevunjika mtulinga kwa kuanguka na baiskeli aliniuliza kama naye aanze majini. Hapana, dada, kwako wewe ni kinyume. Anza na baiskeli iliyofungwa kwenye stendi ndani ya nyumba, kisha kukimbia, na bahari uiachie mwisho, mpaka mkono uende juu ya kichwa sawa na ule mzima. Mfupa wa mtulinga huunga kati ya wiki 6 na 12 kwa watu wengi, lakini bega lililokaa kwenye tanji, kile kitambaa cha kuning'iniza mkono, huchelewa zaidi ya mfupa.

Niingie lini baharini, na wapi?

Hapa wageni wa mji hukosea, na wenyeji hujisahau.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yanakwenda kwa nguvu. Siku hizo kwenye pwani yetu maji hujaa kabisa kwenye saa kumi au kumi na moja alfajiri. Maana yake ukiingia saa kumi na mbili, maji yameshaanza kutoka, nayo yanakutoa na wewe. Mtu mwenye nguvu zake haoni shida. Wewe uliyekaa nje mwaka mzima, mabega yamelala, utaogelea nusu saa ukidhani unakwenda mbele, kumbe ngalawa iliyotia nanga pembeni yako iko pale pale.

Wiki moja baadaye mambo hubadilika. Ni siku za maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na alfajiri maji yanakuwa ndiyo yanaanza kujaa, taratibu, yakikusogeza kuelekea ufukweni. Hizo ndizo siku zako. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa naingia baharini siku za maji mafu tu, na siku za bamvua nafanya baiskeli. Kalenda ya mwezi inatosha kupanga hili, na wavuvi wa hapo hapo watakusahihisha ukikosea.

Upepo nao uuangalie. Ghuba yetu imekingwa kiasi, lakini kusi la Juni hadi Agosti huleta mawimbi mafupi mafupi yanayokunywesha maji. Maleleji, kati ya pepo mbili, bahari hulala kama sahani.

Usiogelee peke yako, na usiogelee bila kuonekana. Boti za mashine hupita. Kofia ya rangi kali, na boya la rangi lililofungwa kiunoni kwa kamba. Asiye na boya achukue dumu tupu la njano la lita 5, alifunge kifuniko barabara, alivute nyuma yake. Halimzuii mtu kuogelea, na akichoka analishika.

Kwa mwenye kisigino: vua mapezi ya mpira, maana yanakivuta kigimbi kila unapopiga mguu. Weka boya dogo katikati ya mapaja, miguu ilale, mikono ifanye kazi. Na usikimbie peku kwenye mchanga laini kwa sababu wazee wamesema mchanga huimarisha mguu. Ni kweli huimarisha mguu mzima. Kano inayopona, kisigino kikizama kwenye mchanga, huvutwa kuliko kwenye lami.

Baiskeli yangu ni ile ile. Niirekebishe?

Ndiyo, na mara nyingi ni kiti. Kiti kikiwa juu sana unalazimika kuchongoa vidole ili kufikia pedeli, na kigimbi kinavutwa maelfu ya mara kwa saa moja. Kaa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: goti linyooke bila kiuno kulalia upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Mwenye kano mbovu ashushe kidogo zaidi, na asogeze unyayo mbele ili pedeli ikae karibu na katikati ya mguu. Mafundi wa mtaa wa Ngamiani watakufanyia dakika kumi, na mji huu umelelewa na baiskeli, fundi hakosekani. Mwambie tu kwamba huondoki mpaka umeendesha mtaa mzima na kurudi.

Gia nyepesi. Pedeli zizunguke mara 85 mpaka 95 kwa dakika. Kusukuma gia nzito ni kazi ya msimu ujao.

Niendeshe njia gani?

Mimi naipenda ya Horohoro. Lami, unapita Amboni, magari si mengi kama ya Segera. Njia ya Muheza mpaka Segera ina malori na mabasi yanayokimbizana, na mtu aliyetoka kwenye jeraha anaendesha kwa woga, woga unamfanya ayumbe. Iache.

Jambo moja kuhusu Horohoro. Wakati wa kusi, ukienda kaskazini upepo unakusukuma mgongoni. Unaenda kama umepakwa mafuta, unajiona umepona moja kwa moja, na kila kilometa unayoongeza utailipa wakati wa kurudi, uso kwa uso na upepo, jua limeshapanda. Mimi hugawa muda hivi: theluthi moja kwenda, theluthi mbili kurudi. Kama nina saa moja na nusu, nageuza kwenye nusu saa, hata kama nacheka kwa raha.

Nipe mpango wa kukimbia.

Huu ndio niliopewa, na nimeshauona ukifanya kazi kwa wenzangu wengine wanne. Siku tatu kwa wiki, zisifuatane. Kabla ya kila siku, dakika 10 za kutembea.

Wiki ya kwanza: kimbia dakika 1, tembea 4, rudia mara 6. Ya pili: kimbia 2, tembea 3, mara 6. Ya tatu: 3 kwa 2. Ya nne: 4 kwa 1. Ya tano: kimbia dakika 10, tembea 2, kimbia 10. Kuanzia ya sita tafuta dakika 20 mfululizo, kisha 25, kisha 30. Asubuhi yoyote ikiwa mbaya, wiki hiyo inarudiwa yote, si siku moja tu. Mimi wiki ya tatu niliifanya mara tatu. Mpango wa wiki nane ukanichukua wiki 13.

Ukishafika dakika 30 mara tatu kwa wiki, kaa hapo wiki nne kabla ya kutafuta kasi. Kaa kweli. Watu wengi huanguka hapa, kwa kuwa dakika 30 zinachosha akili kuliko mwili. Baadaye ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja: ama umbali, ama kasi, ama mlima. Vikiongezwa viwili wiki moja na kisigino kikauma, hutajua kipi kilikuumiza.

Mahali: barabara tambarare za Raskazone, chini ya miti, kuelekea Bustani ya Jamhuri. Kimbia kwa spidi ya kuzungumza. Tukiwa wawili tunasalimiana na wauza madafu kwa sentensi nzima. Ukishindwa kumaliza salamu, umeenda kasi.

Kukimbia mara tu baada ya kushuka kwenye baiskeli, ile hali ya miguu kuwa kama magogo, usijaribu mpaka umalize hizo wiki nne. Kisha anza na dakika 5 tu.

Na yale mazoezi ya kushusha kisigino kwenye ngazi?

Yafanye. Mwaka 1998 daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake waliwapa watu wenye maumivu ya muda mrefu ya kano ya kisigino zoezi moja: simama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, panda kwa mguu mzima, shuka polepole kwa mguu unaouma mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka na seti 3 goti likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Ukipiga hesabu ni mara 180 kwa siku. Waliweza kurudi kukimbia. Siku hizi wataalamu wengi hupunguza idadi na kuongeza uzito mgongoni, siku tatu kwa wiki, na matokeo nayo ni mazuri. Nilipoongeza uzito nilitumia begi la shule la mwanangu lililojaa mchanga wa pwani.

Angalizo: kama maumivu yako si juu ya kisigino bali chini kabisa, pale kano inapojishika kwenye mfupa, usishuke chini ya ukingo. Fanya ukiwa umesimama sakafuni.

Ninywe diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kabla ya mazoezi?

Nakuomba usinywe. Umeziba mdomo wa mtu pekee anayekwambia ukweli kuhusu mguu wako. Na kwa joto la Tanga, ukitoka jasho nyingi huku dawa za aina hiyo ziko mwilini, figo ndizo zinazoumia.

Kuna jambo lingine wachache wanalijua. Siprofloksasini, ile antibaiotiki watu wanayonunua dukani kwa tumbo au mkojo bila kuandikiwa, huongeza hatari ya kano kuvimba na hata kukatika, hasa ya kisigino. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya kundi hilo la dawa mwaka 2008. Ukiwa na kano mbovu mwambie daktari mapema, akupe nyingine kama ipo. Vilevile sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kano ya kisigino: hutuliza kwa wiki chache, lakini huweza kuidhoofisha. Uliza maswali kabla hujalala kitandani.

Bibi yangu ana mtu wa kuchua viungo. Niende?

Nenda umwamkie, na kigimbi kilichokaza akikichua kwa mafuta ya nazi hakuna ubaya. Lakini mfupa uliopasuka au kano iliyochanika isikandwe wala kuvutwa. Nimeona kano iliyokuwa na mchaniko mdogo ikawa kubwa kwa mikono yenye nia njema. Bibi mwambie hivyo kwa heshima, ataelewa.

Nifanyeje mwezi wa Ramadhani?

Usitafute maendeleo mwezi huo. Tafuta kutorudi nyuma. Mazoezi ya visigino na ya nguvu fanya usiku baada ya tarawehe. Kukimbia kwepesi kuwe nusu saa kabla ya futari, ili ukimaliza maji yako karibu, au baada ya futari tumbo likishatulia. Baiskeli ndefu ngojea Shawwal. Bahari wengi wetu huiacha mchana. Suala la maji kuingia kinywani muulize shehe wako, mimi nazungumzia mguu tu. Kwenye daku weka kitu kinachokaa: mayai, maharage, mtindi.

Kuna chakula cha kurudisha mfupa?

Hakuna cha miujiza, ila kuna njaa inayovunja mfupa. Anayefanya mazoezi mengi akala kidogo mwili hukopa kwenye mifupa. Dada zangu, hedhi ikikatika au kuruka miezi wakati mazoezi yamepamba moto, hiyo si dalili ya kuwa mwanamichezo hodari. Ni dalili ya kwanza ya mfupa utakaopasuka. Mwone daktari kabla ya kuongeza kilometa nyingine. Wanaume nao hupata hali hiyo hiyo bila alama iliyo wazi kama hiyo.

Sisi wa pwani tuna kila kitu: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, samaki, mtindi, maharage. Protini lenga kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 95 hivi, na yai moja lina kama 6, kwa hiyo chai na andazi peke yake asubuhi haitoshi.

Nilikuwa nauguzwa Lushoto kwa ndugu. Joto la huku linaniua.

Mwili unahitaji siku 10 mpaka 14 kuzoea joto upya. Siku hizo punguza kila kitu kwa nusu, na anza kabla jua halijatoka.

Nina miaka 52. Nimechelewa?

Shikamoo, mzee wangu. Hujachelewa, ila una kazi moja ya ziada: moyo. Katika mchezo huu sehemu kubwa ya vifo vilivyoripotiwa hutokea majini, na wengi wa waliofariki walikuwa wanaume wa umri wa makamo. Kabla ya kurudi pima presha, sukari, na upigwe kipimo cha umeme wa moyo. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka wakati wa mazoezi, acha siku hiyo hiyo uende hospitali. Vinginevyo tofauti yako na kijana ni kwamba siku yako ya mapumziko iwe mbili.

Mguu ni mzima ila naogopa. Je, ni kawaida?

Ni kawaida, na woga haupungui kwa kuambiwa usiogope. Hupungua kwa kurudia kitu kidogo bila kuumia, mara nyingi. Ndiyo maana yale masharti ya kuruka kwa mguu mmoja yapo.

Mwingereza Tim Don alikuwa na rekodi ya mbio ndefu za Ironman, saa 7:40:23, aliyoiweka Brazil Mei 2017. Oktoba ya mwaka huo, siku chache kabla ya mashindano ya dunia Hawaii, aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, akavunjika shingo. Alifungwa chuma kuzunguka kichwa, kimepigiliwa kwenye fuvu, akakaa nacho miezi mitatu. Aprili 2018 alikimbia maratoni ya Boston kwa saa 2 na dakika 49. Watu hunitajia habari hii ili kuonyesha kwamba inawezekana kurudi haraka. Mimi nikiisoma naona kitu kingine: miguu yake haikuwa imeumia, na alikuwa na timu nzima nyuma yake. Usipime kalenda yako kwa kalenda ya mtu mwingine, hata kama kovu lake ni kubwa kuliko lako.

Kilichonisaidia mimi ni kubaki na wenzangu. Miezi ambayo sikuweza kukimbia nilikwenda Raskazone nikiwa na baiskeli, nikashika nguo zao na kuhesabu vichwa majini. Aliyejitenga huwa na hamu kubwa mno siku ya kurudi, na hamu hiyo ndiyo inayomzidishia kilometa.

Shindano la kwanza liwe la umbali gani?

Fupi: 750, 20, 5. Hata kama zamani ulikuwa unamaliza ndefu. Chagua tarehe baada ya kufika dakika 30 za kukimbia, si kabla, halafu hesabu wiki 10 au 12 mbele. Ukilipa kiingilio kwanza, tarehe ndiyo itakayokuwa kocha wako, na tarehe haijui habari za kano. Wanaotamani Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, ambako nusu ya ile ndefu imeanza kufanyika tangu 2022, nawaombea wafike. Lakini 21 za miguu baada ya 90 za baiskeli, tena kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, ni jambo la mwaka wa pili.

Siku yenyewe nifanyeje?

Ingia majini kabla ya filimbi, dakika 10, mabega yapate moto. Simama pembeni au nyuma, wenye haraka watangulie. Mtindo wowote wa kuogelea unaruhusiwa. Ukichoka shika boya au mtumbwi wa waokoaji. Huadhibiwi mradi hujisogezi mbele kwa kuushika. Ukihitaji msaada inua mkono.

Ukitoka majini, tembea. Hapo ndipo penye hatari ambayo hakuna aliyenionya: miguu imepoa, uko peku, uko mchangani, na watu wanapiga makofi. Kano hukatika mahali kama hapo. Nilitembea mpaka kwenye baiskeli yangu, nikakaa chini kuvaa raba, nikafunga helmeti kabla ya kugusa baiskeli kama sheria inavyotaka, nikapoteza kama dakika mbili. Sijawahi kuzijutia.

Baiskeli iendeshe ukiwa umebakiza. Kwenye miguu, tembea kila penye meza ya maji, hata ya kwanza ambapo huhitaji.

Na uamuzi wa kuacha uuandike nyumbani, si njiani. Mimi niliandika kwenye karatasi: kisigino kikifika 4 natoka. Karatasi nikampa mdogo wangu, akasimama kwenye kilometa ya tatu ya kukimbia. Nilipofika akauliza, "Ngapi, kaka?" Nikamwambia 2. Akanipisha. Angeniuliza mtu mwingine ningeweza kudanganya.

Na kesho yake?

Kesho yake usiamke kwa haraka. Kaa ukingoni mwa kitanda, weka miguu yote miwili chini, kisha nenda mpaka mlangoni bila kushika ukuta, uandike namba. Yangu ilikuwa 3, na siku ya pili ikashuka 1. Wiki nzima sikukimbia. Siku ya nne niliingia baharini, zilikuwa siku za maji mafu.